Mpishi Hakuonekana

Watu wa Kimilili wakinikuta sokoni huniambia ati mkwe wangu Jotham Wabwile ndiye aliyekitengeneza chuo cha ualimu. Ati kabla yake tulikuwa tukiishi ovyo ovyo tu. Mimi huweka kikapu chini, nikashika kiuno, nikawauliza: na nani alikuwa anapika? Nani alikuwa anakimbilia kwenye mahindi na mwiko mkononi mara mbili kwa siku? Basi leo nitaeleza mwenyewe, na asiyetaka kusikia aende zake.

Jina langu ni Wilkista. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mpishi mkuu wa chuo kile, kati ya Bungoma na Kimilili, chuo cha vijana wanaosomea ualimu. Walikuwa mia moja na ishirini, wote wana njaa. Sitadanganya, mambo yalikuwa mabaya. Chakula cha saa saba kilitoka saa tisa. Kuni zilikuja mbichi. Shuka ikienda kufuliwa inarudi ya mtu mwingine, au hairudi kabisa. Barua zilikaa stoo chini ya magunia ya mahindi. Kuna mwanafunzi alipata mwaliko wa harusi ya dada yake wakati dada mwenyewe ana mtoto anayetembea. Kazi yote ilifanywa kwa kelele. Mkuu wa chuo anampigia karani kelele, karani anampigia mtu wa stoo, mtu wa stoo ananipigia mimi, na mimi nampigia Jeruto.

Jeruto alikuwa msaidizi wangu, mwanamke wa huko juu Mlima Elgon, mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiofungwa. Nikimpigia kelele alinijibu kwa lugha yao, na mpaka leo sijui aliniita nini.

Ndipo mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa tano, Mkuu akatuita wafanyakazi wote mbele ya ofisi. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuagiza chai. Akasema ameletewa mtu wa kusimamia huduma zote: ofisi, stoo, jiko, ufuaji na barua. Atajaribiwa miezi mitatu. Mkaguzi atakuja kuangalia, na kama mambo yamekuwa mazuri, mtu huyo atathibitishwa. Kama bado, atarudi Kitale alikotoka.

"Jina yake Jotham Wabwile," akasema. "Yeye nakuja kesho."

Wele wangu, Mungu wangu! Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Mkuu akadhani ni jua.

Sasa elewa. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso. Si chuki, ni heshima. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwe wake hata mvua inyeshe mawe. Na huyo Jotham Wabwile alikuwa amemwoa binti yangu Nekesa mwezi wa kwanza, mwaka huo huo. Siku ya harusi nilikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Nilichokuwa nakijua kwake ni sauti na mgongo wa koti.

Nekesa alikuja kwangu jioni ile ile, tumbo limeanza kuonekana. "Mama, usimwambie mtu," akasema. "Barua yake ya kazi imesema msimamizi hawezi kumsimamia jamaa yake. Wakijua, mmoja wenu ataondoka."

"Na akishindwa hiyo miezi mitatu?"

"Tutarudi Kitale. Ana chumba huko, mtaa wa Kipsongo."

Nililala na hilo neno. Nilizika watoto wawili kabla ya kumpata Nekesa, na baba yake naye akaenda. Sasa yeye na mumewe walikuwa wamepanga nyumba ng'ambo ya mto, mwendo wa kuchemsha chai, na kila siku angevuka kuja kwangu. Akienda Kitale nitamwona wapi? Siwezi kulala kwa mkwe. Mjukuu wangu ningemjua siku atakapoweza kupanda basi peke yake. Kwa hiyo nilitaka huyo kijana afaulu, nilitaka kuliko yeye mwenyewe. Lakini nilitaka afaulu bila kugusa jiko langu.

Akaligusa siku ya kwanza. Mkuu alikuwa amemwamuru akague jiko mara mbili kwa siku, yeye mwenyewe, kwa macho yake, na aandike kwenye kitabu kilichotundikwa kwa msumari kando ya mlango. Jotham, mtoto wa watu mwenye adabu, akaona hawezi kunifumania tu. Kulikuwa na kipande cha reli kimening'inia nje ya ofisi, ndicho kengele yetu ya chakula. Akakigonga mara mbili ili nijue anakuja.

Mimi nikaelewa. Nikatoka mlango wa nyuma nikaingia kwenye mahindi. Lakini wanafunzi walielewa vingine. Saa nne asubuhi wakatoka madarasani mbio, mia moja na ishirini, kila mtu na sahani yake, wakamkuta Jotham mlangoni pa jiko amesimama na kalamu. Wakamsukuma mpaka ndani. Mwalimu wa hesabu alibaki darasani akizungumza na ubao.

Baadaye akaacha reli, akawa anakohoa. Alikuwa anaanza kukohoa kutoka ofisini, anakuja akikohoa njia nzima, watu wakampa pole na majani ya kuchemsha. Nikisikia kikohozi, natoka. Nikitoka, sufuria inabaki. Jeruto peke yake hawezi kukoroga mapipa mawili ya maharagwe. Nikirudi, naukuta moshi, na kwenye kitabu kimeandikwa kwa mwandiko mzuri: *Maharagwe yameungua.*

Ebo! Nani ameyaunguza? Si wewe na kikohozi chako? Nilikipiga kitabu kwa mwiko mpaka msumari ukang'oka.

Lakini neno baya zaidi lilikuwa chini yake, na sikuliona mpaka Mkuu aliponiita. Alikuwa na kitabu mezani, amekifungua.

"Wilkista, siku kumi na tano wewe hapana kuwa kazini."

"Mimi? Bwana Mkuu, hicho chakula kinajipika?"

Akanigeuzia kitabu. Mimi kusoma nilifundishwa kanisani, kwenye Biblia, kwa hiyo nasoma polepole lakini nasoma. Kila siku, asubuhi na mchana, alikuwa ameandika: *Jiko limekaguliwa. Mpishi hakuonekana.* Mara thelathini!

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamfikiria Nekesa na chumba cha Kipsongo, nikalimeza.

"Kama kitabu hii nasema tena hivi wiki moja," Mkuu akasema, kwa upole wake ule ule unaoudhi, "mimi natafuta mpishi ingine."

Nilirudi jikoni. Nikamwambia Jeruto, ambaye peke yake ndiye aliyejua siri yetu, "Nenda kwa huyo msimamizi. Mwambie aandike nipo! Aandike ameniona!"

Jeruto akaenda, akarudi akifuta macho kwa kicheko. "Amesema hawezi. Ati akiandika amekuona, ni kama kuambia dunia yote alikutazama wewe mama mkwe wake. Ati hiyo karatasi inaenda mpaka kwa wakubwa Kisumu."

Na unajua, nilikasirika, lakini niliona ana haki. Kama angeandika ameniona, ningemwambia Nekesa arudi nyumbani.

"Nyinyi Wabukusu ni wagonjwa," Jeruto akasema. Kwake juu hayo mambo hayakuwa hivyo. "Si aandike amekusikia?"

Tulitazamana. Akatoka tena, mara hii mbio.

Siku iliyofuata Jotham akaja, akasimama nje ya mlango, akakohoa. Mimi sikutoka. Nilichukua kifuniko cha pipa nikakigonga kwa mwiko mara tatu, mpaka majivu yakaruka. Kisha nikasikia kalamu inakwaruza. Alipoondoka nikasoma: *Mpishi hakuonekana, lakini amesikika. Yupo kabisa.*

Mkuu aliposoma alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lakini hakutafuta mpishi mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika, na hapa ndipo watu wanapodanganya. Hakuna aliyekaa chini akapanga. Jotham aliona akiingia maharagwe yanaungua, na asipoingia hawezi kuniambia kitu, maana kunipigia kelele kama wengine walivyofanya ni mwiko, na Jeruto alikuwa anaongeza maneno yake njiani. Basi akaanza kuandika. Kwangu hawezi kuniandikia, atanitajaje? Akaliandikia jiko.

*Jiko linaarifiwa kwamba kuni kavu zitaletwa Jumanne na Ijumaa.*

Nikanoa kipande cha penseli kwa kisu cha nyama, nikajibu nyuma ya karatasi ile ile: *Jiko limesikia. Jiko linauliza chumvi iko wapi.*

*Ofisi imetuma chumvi. Ofisi inaona chumvi inatumika sana.*

*Jiko linashangaa ofisi inaonja wapi.*

Siku hiyo Jeruto aliniambia msimamizi ameweka kichwa mezani, mabega yanacheza. Nikauliza, analia? Akasema, anacheka. Nilijifanya nimeudhika.

Karatasi zikazidi. Na kwa sababu kila neno liliandikwa, likawekewa tarehe na saa, watu wakaanza kushikwa. Mtu wa stoo alizoea kusema "sikusikia." Sasa angesema nini? Karatasi ipo, jina lake lipo. Mtu wa kuni alizoea kusema "kesho." Kesho ya lini? Ilikuwa imeandikwa. Wale waliokuwa wakipiga kelele wakachoka wenyewe, maana Jotham alikuwa akimsikiliza mtu mpaka amalize, halafu anamwambia kwa upole, "Sasa andika." Nusu ya kelele za chuo zilikufa hapo hapo.

Halafu akamleta fundi Festus, akatoboa dirisha kwenye ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia, akaweka ubao mpana na kifuniko cha mbao kinachoning'inia. Ofisi ilieleza kwamba ni kwa ajili ya haraka. Mimi nilijua ni kwa ajili yangu. Nilikuwa naweka sahani kwenye ubao, nasukuma, mtu upande wa pili anachukua; hakuna uso unaoonana na uso. Wanafunzi wakapanga mstari mmoja badala ya kuvamia mlango. Chakula kikaanza kutoka saa saba na nusu, kisha saa saba na robo, kisha siku moja Jeruto akasema, "Mama, hiyo kengele ya saa saba inalia na sisi tumemaliza." Tukasimama tu tukitazama mapipa matupu, hatujui la kufanya na mikono yetu.

Ufuaji nao wakauliza, mbona sisi hatuna dirisha? Wakapata lao, na kila shuka ikashonewa namba. Barua zikapata lao. Magunia ya mahindi yalipoinuliwa zikatoka barua arubaini na moja, na wanafunzi wengine walilia.

Mimi pia nilikuwa nabadilika, ingawa sikumwambia mtu. Kila siku, ikikaribia saa saba, Jotham alikuwa anasimama upande wa pili wa ukuta kuangalia mstari. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Nilijua akiwa amechoka, nilijua akiwa hajala. Nekesa alipougua wiki moja mwezi wa saba, karatasi iliyokuja asubuhi ilisema: *Jiko linaarifiwa kwamba homa imeshuka.* Hakuna mahali pengine pa kuandika habari hiyo, akaiandika hapo, na nakala akaiweka kwenye faili. Nilimpenda kijana yule. Nasema wazi, nilimpenda kama wangu.

Mkaguzi akaja Alhamisi moja ya mwezi wa nane, mtu mnene mwenye sharubu nyekundu. Nilimchinjia jogoo. Alitembezwa ofisini, stoo, kwa ufuaji, akafurahi kila mahali. Halafu akasema anataka kuona jiko likifanya kazi, mpishi na msimamizi wakiwa pamoja mbele yake. Jeruto akaingia mbio kuniambia, na nje nilisikia viatu vyao vinakaribia.

Hakukuwa na wakati wa kukimbilia mahindi, na nikikimbia, mpishi hayupo, na Jotham ameshindwa kazi mbele ya mkaguzi. Palikuwa na shuka za wanafunzi zimeletwa zikaukie kwa joto la jiko. Tulinyakua mbili, tukazitupa juu ya waya katikati ya chumba. Walipoingia mimi nilikuwa upande wa meko, wao upande wa mlango.

"Shuka ya nini?" mkaguzi akauliza.

"Nzi, bwana," Jeruto akasema.

"Nzi! Nzuri sana!" Nikasikia anaandika. "Shule zote ifanye hivi. Na mpishi?"

Nikagonga kifuniko.

Mkaguzi akacheka. "Atoke basi. Mimi nataka mpatie mkono, wewe na yeye, mbele yangu. Kazi yenu ni moja."

Jeruto alinitazama, nikamtazama. Nilisikia Mkuu anavuta miguu. Nikaomba Mungu Jotham aseme uongo wowote, aseme nina upele, aseme nina wazimu. Upande ule kijana akavuta pumzi.

"Hawezi kutoka, bwana. Ni mama wa mke wangu. Sisi hatuonani. Nilijua sheria ya kazi, nikanyamaza. Kosa ni langu, si lake."

Nilishika ukingo wa pipa. Liliniunguza na sikuliachia.

Mkuu alisema kitu kwa Kiingereza. Mkaguzi akajibu, wakasemezana. Halafu mkaguzi akarudi kwenye Kiswahili, bila hasira. "Sheria ni sheria. Jamaa hapana simamia jamaa. Lakini mtu kama wewe mimi hapana fukuza. Kitale iko shule kubwa, nataka mtu wa huduma. Nyumba ya mabati, cheo juu ya hii. Wewe nakwenda mwezi ujao."

Basi. Nilikuwa nimemgongea kifuniko miezi mitatu ili asirudi Kitale, na sasa anapelekwa Kitale kwa sababu amefanya vizuri. Nilimwona Nekesa anapanda basi na tumbo lake. Jeruto akanishika bega. Sikumlaumu mtu, nani angekataa nyumba ya mabati?

"Nashukuru, bwana," Jotham akasema. "Lakini siendi."

"Nini?"

"Mke wangu atazaa mwezi wa kumi. Mama yake hana mtoto mwingine, na kwangu hawezi kulala. Nikienda Kitale nitakuwa nimemnyang'anya mtoto na mjukuu siku moja." Akakohoa, mara hii kikohozi cha kweli. "Igawanyeni kazi yangu. Jiko, stoo na ufuaji mpeni yeye, awe chini ya Mkuu mwenyewe. Mimi niacheni na barua. Hapo sitamsimamia, wala hatanisimamia."

"Lakini hiyo nakushusha! Wewe nakuwa karani tu!"

"Ndiyo, bwana."

"Wewe najua huyu mama vizuri?"

"Sijawahi kumwona uso."

"Sasa najua namna gani yeye naweza?"

"Nina karatasi zake mia mbili na sita, bwana. Zimo kwenye faili. Ukizisoma utaona mimi nilikuwa naandika tu."

Nilikuwa nalia. Nilimwambia Jeruto ni moshi. Akasema, "Moshi gani, mama, na kuni ni kavu?" naye pia alikuwa anajifuta kwa kitambaa cha sahani.

Kalamu ya mkaguzi ilikwaruza muda mrefu. Mkuu alisema kitu kifupi, nikasikia wanakubali kazi igawanywe. Kisha mkaguzi, maskini, akasema harufu ile inamwua kwa njaa, na kama inawezekana angependa kula.

Nikamfunua jogoo. Sasa, kwetu jogoo ana kipande kimoja tu chenye maneno, nacho ni firigisi. Hapewi mtoto, hapewi mwanamke, hapewi mtu anayepita njia. Ni ya mwenye nyumba, na akija mgeni mkubwa sana, mwenye nyumba anaweza kumwachia. Siku hiyo nilikuwa nimeitayarisha kwa mkaguzi, nimeikata vizuri na kuikaanga peke yake kwa mafuta ya samli. Tangu baba Nekesa afe, hakuna mtu nyumbani mwangu aliyewahi kupewa firigisi. Nikipika kuku, naiuza au naitupa.

Nikachukua sahani mbili. Moja nikaijaza nyama. Ya pili nikaweka firigisi peke yake, nikaifunika kwa bakuli.

"Hii ya nyama, mgeni," nikamwambia Jeruto. "Hii nyingine, yule kijana."

Jeruto akainua bakuli akachungulia. Hata yeye wa mlimani alijua hiyo. Hakusema kitu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Akapita nazo chini ya shuka. Nilisikia bakuli likifunuliwa. Mkaguzi alikuwa akitafuna. Kisha viatu vya Jotham vikatoka nje polepole, maana mkwe hawezi kula mahali alipo mama mkwe wake, na kupitia ukutani nikamsikia akiwa amesimama kwenye mahindi, mahali pale pale nilipokuwa nikijificha mimi, anakula na kuvuta kamasi.

Mkaguzi alipata paja, bawa na shingo. Alisifu mapishi sana, na hakujua amepunjwa.